Kulala juu ya Kundelungu: mwongozo wa kutoka Lubumbashi kwa gari la kulala

Mara ya kwanza tulipanda Kundelungu, tambarare ya juu ya Katanga huku kusini-mashariki mwa Kongo, mwezi wa tisa. Barabara ilikuwa kavu, hatukukwama hata mara moja, na watoto waliimba karibu njia nzima. Tulipofika kwenye ukingo wa maporomoko ya Lofoi tukakuta uzi mwembamba wa maji, upepo unaupeperusha kabla haujafika chini. Binti yangu wa pili akaniangalia akauliza: "Mama, maji yenyewe iko wapi?" Sikuwa na jibu. Maji ya Lofoi yanaanguka takriban mita 340, ni kati ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika, na mimi nilikuwa nimewapeleka wanangu kuyaona wakati yamelala.

Tangu siku hiyo kila safari naianza kwenye kalenda, kabla hata ya kufikiria gari. Mwongozo huu unafuata mpango huohuo. Ni kwa mtu wa Lubumbashi mwenye gari la 4x4, lake au la kuazima, anayetaka kulala usiku 3 au 4 kwenye tambarare ya juu na familia au marafiki, bila hoteli, bila duka, bila mtandao wa simu.

Kwanza kalenda

Kwetu Katanga mvua hukamata kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, na hukatika mwezi wa nne. Katika miezi hiyo usijaribu. Udongo mwekundu unateleza kama sabuni, mabonde yenye udongo mweusi yanameza gari mpaka kwenye mlango, na madaraja ya miti yanasombwa.

Mwanzoni mwa Mei mvua imekatika lakini ardhi haijakauka, na majani yamesimama marefu kuliko boneti ya gari. Agosti hadi Oktoba barabara ni safi, lakini maji yamepungua, moshi wa moto wa msituni umefunika upeo, na picha zote zinatoka za kijivu. Kipindi ninachokitetea mbele ya yeyote ni kuanzia wiki ya tatu ya Mei hadi mwisho wa Juni. Barabara inapitika, mto bado una nguvu, anga ni ya buluu, na nyota usiku ni nyingi ajabu. Bei ya kipindi hicho ni baridi, mashika kama tunavyoiita, lakini baridi ina dawa. Maporomoko yaliyokauka hayana dawa.

Wenye watoto wa shule wana shida ya tarehe. Sikukuu ya uhuru ya 30 Juni inasaidia sana: ikiangukia karibu na wikendi, ukaiunganisha nayo na siku moja ya ruhusa kazini, unapata siku 4 kamili. Ukisubiri likizo kubwa ya Julai bado utaona maji, ila machache zaidi, na usiku utakuwa mkali kuliko wa Juni.

Ruhusa, karatasi na habari za njia

Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu 1970. Dada yake mkubwa, Upemba, ilianzishwa 1939. Ni ardhi ya serikali, yaani yetu sote, lakini huingii kama unavyoingia sokoni. Anayesimamia ni ICCN, taasisi ya taifa ya kulinda mazingira. Nenda ofisini kwao Lubumbashi mwenyewe, angalau wiki 3 kabla ya safari, usitume mtu. Utalipa kiingilio, ada ya gari na ada ya kupiga kambi, na utapewa risiti. Itunze risiti hiyo kama unavyotunza kadi ya mchaguzi, kwa sababu gadi wa kituoni ataiomba.

Ukiwa pale uliza mambo manne, na uandike majibu: barabara ya kupitia Minga kwenda Katwe, kituo cha hifadhi, inapitika leo kwa gari la aina gani, daraja gani limevunjika, kambi inaruhusiwa wapi, na usalama ukoje wiki hii. Hilo la mwisho uliulize kwa watu zaidi ya mmoja. Sisi wa Katanga tunakumbuka kwamba eneo la Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo kwa sababu ya vita vya Mai-Mai, na Mitwaba iko kaskazini mwa hifadhi. Mimi nikisikia hata fununu, naahirisha. Na hata habari zikiwa nzuri, usiongeze safari kuelekea kaskazini kwa sababu tu mafuta yamebaki. Kama Kundelungu imefungwa au njia ni mbaya, mbadala wangu ni maporomoko ya Kiubo kwenye mto Lufira. Hayana urefu wa Lofoi, lakini ni mapana na yana maji mengi hata wakati wa ukame.

Karatasi za gari: kadi ya pinki (ya usajili wa gari), bima, kontroli ya kiufundi, leseni ya kila atakayeshika usukani. Toa nakala mbili za kila kitu. Nakala moja ikae kwenye gari, nyingine abaki nayo mtu wako wa mjini nitakayemzungumzia baadaye. Beba faranga za noti ndogo kwa ajili ya peaje, yaani ushuru wa barabara, na vijijini, na dola safi zisizochanika kwa dharura. Wageni wabebe pasipoti yenye visa, nakala haitoshi. Na mtu yeyote asipige picha ya daraja, kambi ya jeshi au mtu mwenye sare.

Kutengeneza gari la kulala

Hapa kwetu huwezi kwenda mahali ukakodi nyumba ya magurudumu yenye jiko na choo kama zile za Marekani. Na hata ungeipata, isingefika. Ni ndefu, ni nzito, tumbo lake liko chini. Kinachofika ni Land Cruiser au gari jingine la 4x4 lililo juu, lenye gia ndogo ya milimani. Tunaligeuza wenyewe liwe chumba.

Nilikwenda kwa fundi wa mbao kule Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na kipimo kimoja tu mkononi: urefu wa mume wangu. Fundi alitaka kutengeneza kitanda kizuri cha msumari na gundi. Nikamkatalia. Kitanda cha gari kifungwe kwa bolti, kwa sababu barabara ya makorongo inang'oa misumari yote ndani ya saa 2. Muundo wenyewe ni huu: fremu ya mbao ngumu yenye kimo cha sentimita 35 hivi kutoka sakafuni, juu yake tripleksi (plaiwudi) ya milimita 18 iliyokatwa vipande vitatu ili uweze kuinua kimoja bila kuondoa godoro. Fremu ifungwe kwenye matundu ya viti vya nyuma vilivyotolewa. Chini ya kitanda ndipo ghala lako: maji mbele karibu na viti, vyombo vya jiko nyuma karibu na mlango, vipuri upande mmoja ambapo mkono unafika bila kumwamsha mtu.

Watu wawili wazima na mtoto mmoja wanalala ndani. Wengine wanalala kwenye hema kando ya gari. Acha dirisha moja wazi vidole viwili na ulifunge kwa neti ya mbu iliyoshonewa sumaku au utepe wa kunata, vinginevyo asubuhi godoro linalowa kwa pumzi zenu.

Kuhusu mzigo, kosa la kila mtu ni kupakia juu ya paa. Gari lililobeba kilo 200 kichwani linayumba kwenye mteremko wa pembeni, na Kundelungu miteremko ya pembeni ipo. Juu weka vitu vyepesi tu: hema, godoro la sponji, viti vya kukunja, turubai. Vizito vyote vikae chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kila kitu kifungwe kwa mkanda. Sufuria isiyofungwa ikikupiga kisogoni wakati wa breki ya ghafla si sufuria tena.

Wiki mbili kabla ya safari mpelekee fundi makanika gari lenyewe, siku mbili kabla umechelewa. Akague breki, beringi za magurudumu, springi, mikanda, mipira ya maji, betri na 4x4 yenyewe. Hilo la mwisho msimamie. Gari nyingi za mjini hazijawahi kuingizwa 4x4 kwa miaka, na mtu hugundua kwamba imekufa akiwa matopeni. Baada ya fundi, endesha gari kilomita 50 likiwa limepakiwa kila kitu, hata maji. Litakueleza lenyewe kinachogonga.

Vipuri ninavyobeba: pine mbili za akiba, yaani tairi zima na ringi yake, pamoja na vibandiko na pampu ya kuunganisha kwenye betri, mkanda wa feni, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, klipu zake, filta ya mazutu (dizeli), oili lita 5, maji ya breki, fyuzi, waya, kanda za mpira zilizokatwa kutoka tairi la ndani, ambazo zimeniokoa mara nyingi kuliko kipuri chochote cha dukani. Kwa kujikwamua: koleo, panga, kamba nene ya kuvutia, jeki ndefu na kipande cha ubao mnene wa kuiwekea chini ili isizame, na mbao mbili za urefu wa mita 1.2 za kulaza mbele ya magurudumu. Kama inawezekana kabisa, nendeni magari mawili. Gari moja peke yake likiharibika kule juu ni siku 2 za kutembea, magari mawili ni saa 1 ya kamba.

Hesabu ya mafuta na maji

Kaa mezani na ramani, gawa njia sehemu mbili: lami, na isiyo lami. Land Cruiser ya mazutu iliyojaa mzigo inakunywa karibu lita 14 kwa kilomita 100 kwenye lami, na lita 22 au zaidi kwenye udongo, mchanga na kupanda. Tuseme hesabu yako imetoka kilomita 450 kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya kule juu, 200 za lami na 250 zisizo lami. Lami inataka lita 28, udongo lita 55, jumla 83. Sasa ongeza theluthi moja kwa ajili ya kurudi nyuma, kukwama na kupotea: lita 111. Tangi la lita 90 halitoshi, kwa hiyo unabeba bidoni (jerikeni) mbili za lita 20 zilizojaa.

Jaza kwenye kituo cha mafuta mjini. Mazutu ya chupa za kandokando ya barabara huwa na maji au mchanga, na filta ikiziba mahali pasipo na mtu utajuta. Ukilazimika kununua, chuja kwa kitambaa kizito na uache mafuta yatulie kabla ya kumimina. Bidoni za mafuta ziwe za chuma na zifungwe nje ya gari. Hakuna mtu analala na mvuke wa mafuta.

Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Watu 4 kwa siku 4 ni lita 80. Ongeza lita 40 za akiba na za rejeta, unapata 120, yaani bidoni 6 za lita 20. Hizo ni kilo 120, ndiyo maana nimesema zikae mbele ya kitanda, chini kabisa. Kwa kunawa na kuosha vyombo tumieni maji ya kijito. Lakini maji ya kijito yasiingie kinywani bila kuchemka, hata yakiwa maangavu kama kioo. Kipindupindu tunakijua hapa jimboni Haut-Katanga, hasa kwenye maeneo ya wavuvi, na mtoto wa kuhara kule juu hana hospitali. Chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, yaache yaendelee dakika 3.

Kuna jambo la kupendeza hapa ambalo nililijua kwa njaa. Tambarare ya juu iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na pale maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani. Maharagwe niliyozoea kupika kwa saa 2 nyumbani yalikataa kuiva mpaka watu wakalala na chai. Sasa naloweka tangu asubuhi, au nabeba yaliyokwisha kuiva siku ya kwanza.

Chakula na moto

Hapa sitakufundisha, kila mama ana kapu lake. Unga wa bukari (ugali), kapenta (dagaa) kavu, samaki wa moshi wa Kasenga, mafinkubala (viwavi vikavu), vitunguu, nyanya za kopo, mafuta, chumvi nyingi. Sombe, yaani kisamvu, ikaushwe au ipikwe nyumbani, ya kutwanga haina nafasi kwenye safari. Kuku mzima aliyechemshwa na chumvi tunamla siku ya kwanza.

Ninalosisitiza ni moto. Beba makala (mkaa) yako kutoka mjini pamoja na mbabula, yaani jiko la mkaa, au chupa ndogo ya gazi. Usikate mti hifadhini, hata uliokauka usiuguse bila kumuuliza gadi. Misitu ya miombo iliyozunguka Lubumbashi tumeimaliza sisi wenyewe kwa makala, kila mwenye umri wangu ameiona ikirudi nyuma kilomita baada ya kilomita. Inaniuma. Kule juu tuende kama wageni. Na mtu akikuletea nyama ya pori njiani, bei nzuri, imekauka vizuri, kataa. Wanyama wa Kundelungu waliisha karibu wote kwa njia hiyo. Tukinunua, waliobaki wataisha pia.

Siku ya kuondoka

Ondoka mara tu kunapopambazuka. Jua la Juni linazama karibu saa 12 jioni, na kanuni yangu haina mjadala: saa 9 na nusu alasiri gari limesimama, popote lilipo. Usiendeshe usiku. Barabara ya Kasenga, ile kubwa tunayotokea nayo mjini, usiku ina baiskeli za makala zisizo na taa, malori yaliyozimika katikati ya njia, mbuzi, na watu waliotembea siku nzima.

Hesabu safari kwa saa, usihesabu kwa kilomita. Kwenye lami utajiona bingwa. Ukishaiacha barabara kubwa kuelekea Katwe, kilomita 20 kwa saa ni mwendo mzuri, na kuna vipande vya 5. Hapo simama, punguza upepo wa pine kutoka baa 2.5 hadi 1.8. Gari litatulia, kitanda chako kitapona, na pine haitachanika kirahisi kwenye mawe. Kwenye mchanga mzito shuka hadi 1.5, uende polepole, na ukirudi kwenye udongo mgumu ujaze tena kwa pampu.

Kila daraja la miti mnashuka wote isipokuwa dereva. Mmoja anatembea juu yake kwanza, anakanyaga kila gogo, anaangalia chini yake kama nguzo zimeoza. Magogo yaliyosogea yarudishwe chini ya mstari wa magurudumu. Halafu mtu asimame ng'ambo na kumwongoza dereva kwa mikono. Dereva amwangalie yeye tu, asiangalie maji.

Nyasi ndefu ni hatari ambayo watu wa mjini hawaijui. Mbegu zake zinajaza rejeta mpaka gari linachemka bila sababu unayoiona. Funga neti ya mbu mbele ya grili, na kila nusu saa simama uipanguse. Chini ya gari majani makavu yanajikusanya kwenye bomba la moshi, yanaiva, yanashika moto. Nimeona gari la watu wengine limebaki mifupa kwa sababu hiyo. Kila mkisimama, mmoja alale chini achungulie na ayachomoe kwa waya. Na usiegeshe gari lenye moto juu ya majani makavu, tafuta ardhi tupu.

Vijijini njiani, simama. Ukipita mbio na vumbi lako umetukana. Shuka, vua miwani, salimia: "Jambo yenu, papa. Jambo yenu, mama." Uliza nyumba ya shefu, mkuu wa kijiji, mweleze unakwenda wapi na utarudi lini. Chumvi, sukari au sabuni ni zawadi inayofaa, pesa mkononi si lazima. Ukipewa munkoyo, kinywaji cha mahindi, kaa unywe. Dakika 15 hizo zinakupa habari za njia ambazo hakuna ramani ya simu inazo: gogo lililoanguka jana, lori lililokwama kwenye bonde, mto uliohama. Na gari likikufia, hao ndio watakaokuja.

Ramani ya simu beba hata hivyo. Pakua ramani ya Haut-Katanga nzima kwenye programu inayofanya kazi bila intaneti, kama OsmAnd au Organic Maps, ukiwa bado mjini, na uwashe alama ya njia unayopita ili urudi kwa nyayo zako. Mtandao wa simu utakuacha mapema.

Ndiyo maana kuna mtu wa mjini. Chagua mtu mmoja asiyesahau, yaya (kaka au dada mkubwa) au shemeji, umwachie karatasi: njia, majina ya wote mliomo, namba ya gari, siku na saa ya mwisho ya kumpigia. Andika pia afanye nini usipopiga, aende kwa nani ICCN, asubiri muda gani. Bila sehemu hiyo ya pili karatasi ni salamu tu.

Juu

Kituoni mtapewa gadi wa kuwasindikiza. Mpe kiti kizuri, chakula kilekile mnachokula, na msikilize. Usiku wetu wa kwanza nilitaka kambi bondeni, palikuwa pamejikinga na upepo, kijito kiko karibu. Mzee aliyetusindikiza akatikisa kichwa. "Mama, mashika inateremukaka kama maji. Mukilala mu bonde, mutalala mu maji." Ni kweli kabisa. Hewa baridi ni nzito, usiku inatiririka kutoka juu na kujaa kwenye mabonde. Tulipanda mita chache kwenye mgongo wa kilima, nyuma ya vichaka vya kukata upepo, na asubuhi tuliona bonde lile limefunikwa na umande mweupe huku kwetu pakiwa pakavu.

Kwa hiyo tafuta mgongo mpana, usio na majani marefu, mita 60 au zaidi kutoka majini, na mbali na ukingo wa jabali kiasi cha mtoto kutofika akiwa anacheza. Sawazisha gari kwa mawe bapa chini ya magurudumu ya upande wa chini, kichwa kikiwa juu kidogo kuliko miguu. Pua ya gari ielekee njia ya kutokea. Ufunguo mahali pamoja ambapo kila mtu mzima anapajua.

Usiku wa Juni Lubumbashi yenyewe hushuka chini ya nyuzi 10, na kule juu ni baridi zaidi. Mablanketi mawili kwa kila mtu, moja la kulalia na moja la kujifunika, kwa sababu baridi ya chini ndiyo inayochosha. Soksi, kofia, chupa ya maji moto miguuni mwa watoto. Na hapa nasema kwa sauti: mbabula isiingie ndani ya gari wala ndani ya hema, hata makala yakionekana yamekwisha, hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya makala haina harufu ya kukuamsha. Familia nzima inalala na haiamki.

Moto uwashwe kwenye ardhi tupu, duara la mita 3 limefyekwa mpaka udongo, ndoo ya maji pembeni. Kabla ya kulala mwagia maji, koroga kwa koleo, mwagia tena, gusa kwa mkono. Mwezi wa sita jani moja linatosha kuchoma kilima.

Choo ni shimo la sentimita 20 hadi 30, mbali na maji kama ilivyo kambi, linafukiwa kila mara. Takataka zote zinarudi Lubumbashi kwenye gunia, pamoja na vifuniko vya chupa na nepi.

Asubuhi ndipo nenda Lofoi, jua likiwa nyuma ya mabega na ukungu umeinuka. Gadi atangulie. Mawe ya ukingoni yamelowa na yana utelezi usioonekana. Watoto wangu wanashikwa mkono, na anayetaka kuchungulia analala kifudifudi. Mkipata Mei au Juni, mtausikia mlio wake kabla ya kuyaona. Kaeni. Watu husafiri siku nzima, wanapiga picha dakika 10, wanaondoka. Sisi siku hizi tunabeba chai na tunakaa mpaka jua lipande. Tembeeni pia kwenye tambarare yenyewe, nyasi zisizo na mwisho, na mkiwa na bahati mtaona korongo wakubwa wa kijivu na weupe wakitembea wawili wawili kwenye majimaji.

Afya kwa ufupi

Neti zenye dawa kwa wote, hata kama juu ni baridi, kwa sababu njiani mtapita mabonde ya mbu. Dawa ya malaria na kipimo chake, paketi za maji ya chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji, dawa ya vidonda, bandeji pana, na dawa za kila mtu za kila siku kwa wiki nzima zaidi. Viatu vinavyofunika kifundo, tochi kila mnapotembea gizani, viatu vikung'utwe asubuhi. Nyoka moma analala njiani na hakimbii mtu. Akiuma, mgonjwa asitembee, mguu utulizwe kwa ubao, usikate wala kufunga kwa kamba, na gari liondoke mara moja kuelekea hospitali. Ndiyo sababu nimesema ufunguo uwe mahali panapojulikana.

Kurudi

Fungeni kambi jioni ya mwisho, asubuhi mkunje matandiko tu. Mkipita vijijini simameni tena, hata kwa dakika 2, mumwambie shefu mmerudi salama. Kwenye lami jaza upepo wa pine kabla ya kuongeza mwendo. Nyumbani, siku hiyohiyo, toa godoro na hema juani, piga maji rejeta kutoka ndani kwenda nje ili mbegu zitoke, na uandike kwenye daftari lita zilizotumika na saa za kila kipande cha njia, maana mwakani hesabu yako itatokana na daftari hilo na hutakuwa unabahatisha. Lakini kabla ya hayo yote, mtandao wa simu ukirudi tu, egesha gari kando ya barabara umpigie mtu wako wa mjini.